Mdogo Wangu Hakukimbia

Mdogo wangu alifanya kazi za ndani Qurum, huku Omani, mimi napiga pasi kwa dobi mmoja Ghala. Ijumaa ndiyo siku yake ya mapumziko, anakuja kumbeba mwanangu ili nilale kidogo. Ijumaa moja hakuja. Simu imezimwa.

Nikambeba mtoto hadi kwa mabosi wake. Mama mwenye nyumba, Mwomani wa asili ya Unguja, alitufungulia geti kwa adabu zote.

"Mwanangu, yule keshakimbia. Mume wangu keshakwenda kuripoti."

"Na vitu vyake?"

"Vyote vipo. Hata ndara kaziacha."

"Mtu anakimbia peku, mama? Kwenye lami ya huku, na jua hili?"

Akanyoosha mkono amshike mtoto shavu. Nikamsogeza.

Serikali yetu ilikuwa imetangaza dawati la kuwatafuta wasichana wetu wanaopotea ughaibuni. Hotuba ilikuwa tamu, niliisikiliza hadi mwisho. Basi nikaenda ubalozini, mtoto ananyonya palepale kwenye kiti. Afisa akaangalia kompyuta yake.

"Dada, huyu hajapotea. Kafili wake, yaani huyo bosi mwenye kibali chake, ameandikisha kwamba ametoroka. Waliotoroka sisi hatuwashughulikii."

"Nani anaweza kuandikisha kwamba amepotea?"

"Kafili wake."

"Kwa hiyo nikamwombe fisi atangaze mbuzi amepotea?"

"Punguza jazba, dada. Una mtoto hapo."

"Huyu mtoto anamtaka mama yake mdogo!"

Akaita mtu mwingine. Ndiyo juhudi za serikali hizo: kiti, feni, na "anayefuata".

Nikarusha picha yake kwenye kundi letu la WhatsApp: AMEPOTEA. Mtoto hata hajacheua, sauti ikaingia, ya msichana nisiyemjua.

"We dada, futa! Kama kajificha unamkamatisha. Askari wakimwona ni mahabusu, halafu ndege ya kurudishwa nyumbani. Unamtafuta au unamchoma?"

Hakusema uongo. Aliyeripotiwa kwamba katoroka hukamatwa. Lakini kama kafungiwa chumbani kwa mtu je? Kama kaumia, nani mwingine anamtafuta? Hakuna. Ni mimi na hiyo picha.

Sikufuta. Wanaendelea kunitukana kwenye kundi, na waendelee. Akikamatwa atanilaani, najua, ana mdomo yule. Anilaani tu. Nisikie sauti yake.