Ingénieur Alisema

Naomba niwaeleze mwenyewe jinsi nilivyoaibika mbele ya majirani wote, kabla hamjasikia kwa mwingine, maana siku hizi siamini tena neno lililokwisha kupita midomo mitatu, hata kama ni midomo ya watu waliosoma.

Mimi nimeumbwa na shaka (mke wangu analalamika kwamba hata chai yake nainusa kwanza). Basi siku moja nikamwona Mama Bea, jirani yetu hapa mtaani Panda, anasukuma baiskeli yenye bidoni, yale madumu ya njano, anatoka upande wa Kamatanda, kule wanakochimba na kuosha madini, na huyo Mama Bea ndiye anayetupikia munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, kazi pekee inayolisha nyumba yake. Nikajiuliza, kumbe maji ya munkoyo anayachota huko? Ningeweza kumuuliza, alikuwa karibu kabisa. Lakini mtu wa shaka haulizi, anachunguza, nami nikachunguza kwa kukaa nyumbani na kufikiri.

Baada ya muda, kinyozi wangu, wembe ukiwa shingoni mwangu, akaninong'oneza: « Baba Odette, munkoyo ya Mama Bea uiache. Ingénieur alisema mayi yake iko na sumu ya madini. »

Ingénieur Ilunga mwenyewe, mhandisi tunayemheshimu mtaani, mtu wa diplome! Nilifurahi, sifichi. Nikaona shaka yangu imepata cheti.

Jumapili tukakutana kwenye shirika (ndivyo tunavyoita kikundi cha majirani Wakatoliki wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba), na baada ya sala Baba Pius, mkubwa wetu, akasema munkoyo ya sikukuu ya shirika letu atapika Mama Bea, kama kawaida. Ningeweza kukaa kimya. Nikasimama, nikakohoa kidogo, nikatangaza kwamba maji yake yana sumu. Mama Bea alikuwa amekaa mbele yangu, rozari mkononi.

« Nani aliona? » akauliza Baba Pius.

« Ingénieur alisema. »

« Siulize nani alisema, Baba Odette. Ninauliza nani aliona. »

Swali hilo liliniudhi, nikaona mzee anadharau diplome za watu, basi nikatoa simu, nikampigia Ingénieur, nikaweka sauti ya juu ili kila mtu asikie, nikamwomba arudie aliyosema juu ya maji ya Mama Bea.

« Minye? » sauti ikajaa nyumba nzima. « Shi ni weye ulinielezeaka, pa kilio, kule Kakontwe? Ulisema ulimuona anatoka Kamatanda na mabidoni. Njo mi nikaelezea kinyozi. Minye ni ingénieur wa courant, ya umeme, Baba Odette, mambo ya mayi siyue. »

Yaani shaka yangu ilitoka kinywani mwangu, kule matangani, miguu mitupu, ikazunguka mji, ikarudi imevaa tai, nami nikaisimamia kwa heshima. Watu walicheka mpaka Baba Pius akaficha uso kwenye kitabu cha nyimbo.

Mama Bea hakucheka. « Bidoni zilikuwa bila kintu, » akasema taratibu. « Ninatokaka kuuzisha munkoyo kwa bachimbaji. Ungegonga moja na kidole, ungesikia. » Kisha akanimiminia kikombe, wote wakitazama. Nilikunywa, lakini (Mungu anisamehe) nilichungulia kwanza chini ndani ya kikombe, na yeye akaniona.

Kazi ya sikukuu walimwachia. Lakini mlangoni kwake wateja wakapungua, na hilo liliniuma kuliko kicheko. Wiki iliyofuata, sokoni, muuza mboga nisiyemjua akanivuta pembeni: munkoyo ya Mama Bea ni hatari, Ingénieur alisema.

« Hapana, mama, » nikamwambia. « Ingénieur hakusema kwa akili yake. Ni minye nilisema, na minye sikuona kintu. »

Akanitazama kuanzia kofia hadi kandambili, kwa jicho lilelile ninalotazamia wengine.

« Na weye ni nani, » akauliza, « kupita Ingénieur? »

Nimeapa sitasema tena « fulani alisema » kama sijui fulani aliona nini. Na kila jioni nasimama mlangoni kwa Mama Bea, kikombe mkononi, wapita njia wanione kwa macho yao, nakunywa polepole, bila kuchungulia chini.