Ndama Aliyekosekana Kitabuni

Juzi, katika duka la vitabu mjini Embu, muuzaji aliwaonyesha nyanya mmoja na mjukuu wake kitabu kigeni cha hadithi. Ukibonyeza picha ya ng'ombe, kitabu chenyewe kinalia, "Mooo!"

Nyanya akatega sikio. "Huyo analilia ndama wake. Yuko wapi?"

Wakafunua hadi mwisho. Ndama hakuna. Midomo ya mtoto ikaanza kutetemeka.

"Usilie, kasichana kangu. Mimi najua alikoenda."

Nyanya akasimulia palepale, akibonyeza picha kila ng'ombe alipomwita mwanawe. Sisi tuliokuwa kwenye foleni ya kulipa tukasogea kusikiliza. Ghafla akarudisha kitabu. "Mengine tutamalizia nyumbani."

Muuzaji akaruka kaunta kumfuata nyanya. "Cucu, ngoja! Alipatikana?"

Mimi nilifuata kalamu tu. Nilitoka bila kalamu, na ndama bado sijui alipo.