Fundo la Uzi Mwekundu

Jioni za kiangazi, mikahawa ya Radès, mji wa pwani karibu na Tunis, inapojaa, Khemais hupita kati ya meza na ungo wake wa asumini bila kunadi. Watu humjua kwa harufu kabla hawajageuka. Mwanamume ananunua kishada, anakichomeka juu ya sikio, anarudi kwenye karata zake. Wauzaji wengine hufunga vishada vyao kwa uzi mweupe, wakakata basi. Cha Khemais kina uzi mwekundu, umezungushwa kwa kubana na kupindwa ndani, hata ncha huioni. Fundo hilo ni la marehemu mama yake. Aliwafundisha yeye na dada yake Beya, akawaapisha wasimpe mtu wa nje, maana ndilo lililowalisha.

Khemais hakuoa. Alikuwa na rafiki, Taoufik, fundi wa reli, mtu wa kucheka kwa mabega. Kila Jumapili walipanda treni kwenda sinema mjini, wakatazama filamu yoyote iliyopo, hata waliyokwisha kuiona, kwa sababu mle gizani bega la mtu laweza kukaa kando ya bega la mwenzake na hakuna anayeuliza. Taoufik alipofariki, Khemais alisimama safu ya nyuma mazikoni. Alipewa pole ya jirani, ile fupi, akarudi nyumbani kuchambua maua.

Hayo ndiyo aliyomsimulia Rim mbele ya kamera. Binti huyu ni wa chama cha vijana wanaotetea wapenzi wa jinsia moja, na kila mwaka wana tamasha lao la filamu katika ghala moja kuukuu mjini Tunis. Bendera yao ya rangi za upinde wa mvua huitundika ndani, si nje, kwani sheria ya kumfunga mtu kwa mapenzi yake bado ipo. Kwa hiyo Rim alimficha Khemais vizuri katika filamu yake. Uso hauonekani, sauti ameibadilisha, na kilichobaki ni mikono yake tu inayofunga asumini.

Siku chache kabla ya tamasha akamwonyesha. Khemais alitazama hadi mwisho, akaomba arudishiwe pale mikono inapopinda uzi.

"Binti yangu," alisema, "umenificha uso ukaniachia jina."

Rim ni mtu wa Sfax, mji wa mbali, angejuaje? Alipoelezwa kwamba Radès nzima inalijua fundo hilo, alishika kichwa. Mikono angeweza kuikata, lakini filamu ingebaki giza na sauti. Khemais akamwambia asubiri kwanza. Majirani aliwaogopa, askari pia, lakini aliyemnyima pumzi ni Beya. Dada huyo alimlea, wamezeeka nyumba moja, na hajawahi kumwambia. Afadhali alisikie kwake kuliko kwenye filamu ukutani.

Alimkuta uani na maua yake kwenye kitambaa kibichi. Akasema yote kwa mkupuo. Beya hakuacha kufunga.

"Taoufik huyu aliyekuwa akila kuskusi hapa kila Ijumaa?"

"Huyo huyo."

"Niliyekuwa namwekea kichwa cha samaki?"

"Ndiyo, dada."

Beya alivuta uzi mpaka ukakatika. "Nilikuwa najipaka wanja Ijumaa, Khemais. Nilidhani anakuja kwa ajili yangu."

Khemais alikuwa ameandaa majibu ya aibu, ya dini, ya maneno ya watu. La wanja hakuliandaa. Kumbe muda wote ule meza moja ilikuwa na watu wawili wanaomsubiri mtu mmoja. Beya alimpakulia chakula, akaenda chumbani na sahani yake, na tangu hapo akawa anafunga maua akimpa mgongo. Khemais akampigia Rim simu: kata mikono.

Siku ya tamasha, Rim ndiye aliyepiga. "Ami, njoo huku. Kuna bibi anatugombeza tangu mchana."

Alimkuta Beya amekaa sakafuni ghalani, kilemba kimelegea, asumini mapajani, amezungukwa na vijana wenye nywele za kijani na za zambarau, kila mmoja na uzi mwekundu mkononi.

"Wewe mwenye hereni, hilo fundo au mkia wa punda? Fungua."

"Shangazi, vidole vyangu vimezoea simu tu."

"Ndiyo maana huna mchumba."

"Ninaye. Yule pale, anakucheka."

Beya akamtazama yule kijana wa pili, akampima juu hadi chini. "Basi mfungie kitu cha maana, asikukimbie."

Khemais alisimama mlangoni. Akamkumbusha kwa sauti ndogo kwamba mama aliwaapisha.

"Mama alitupa hili fundo tule," Beya alisema bila kuinua macho. "Leo kila mtu awe nalo, likufiche. Mwambie huyu binti akurudishie mikono yako."

"Na kesho tutauza nini, dada?"

"Harufu."

Ukumbi ulipojaa, kila mgeni alipewa kishada mlangoni. Asiyetaka kupigwa picha alikichomeka sikioni, na wengi walifanya hivyo, Khemais na Beya wakiwemo. Filamu ikaanza. Mikono ilipotokea, mwanamume mmoja wa Radès aliyekaa mbele yao aliinama kumnong'oneza mwenzake, mikono hii naijua. Kisha akaangalia kishada mkononi mwake, na cha mwenzake, na cha msichana wa kando, akanyamaza. Sauti isiyo ya mtu yeyote ikasimulia Jumapili zile, treni, bega, na safu ya nyuma mazikoni. Beya alisogea mpaka bega lake likagusa la mdogo wake. Alikuwa amepaka wanja.

Watu walipokuwa bado wanapiga makofi, akamwinamia. "Kile kichwa cha samaki, alikuwa anakipenda kweli, au alikuwa anakula tu?"

"Alikuwa anakipenda, dada," Khemais alisema. "Hadi Jumapili, kwenye treni, alikuwa bado anakitaja."