Pua ya Fundi

Mtaa mzima ulimwita Pua, na jina hilo hakulipata kwa bahati. Wengine wakienda kununua redio kuukuu huibonyeza vitufe na kuitingisha. Yeye aliipindua, akaweka pua kwenye matundu ya mgongoni, akafumba macho, akanusa. Harufu ya vumbi tupu, hiyo nzima. Nywele zilizoungua, transfoma imeshapikwa. Samaki aliyelala, kapasita, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, zinavuja, na mnunuzi atajuta kabla mwezi haujaisha. Alianza kunusa enzi zile vyombo vilipofungwa kwa skurubu, fundi akikaribishwa ndani kama mgeni wa heshima. Siku hizi vinafungwa kwa gundi, kana kwamba fundi ni mwizi.

Asubuhi moja alipatwa na mafua makali, na ndiyo asubuhi ambayo mkewe alitaka wakanunue redio. Ile ya jikoni ilikuwa imekata kauli, na Pua alikuwa amejigamba mbele ya shemeji zake kwamba atamchagulia dada yao redio ya kuwazika wote wawili.

Muuzaji wa vyombo vilivyotumika, jamaa mwenye maneno mengi kuliko bidhaa, akatoa redio mbili: moja inang'aa kama kiatu cha bwana harusi, nyingine imekwaruzwa na haina kitufe cha sauti.

"Shikamoo, fundi. Hii ya kung'aa nimekuwekea wewe."

"Marahaba. Umeniwekea au umenitegea?"

Pua akainusa. Kimya. Akainusa ya pili. Kimya vilevile, siku hiyo hata waridi na choo kwake vilikuwa kitu kimoja. Zilipowashwa, zote ziliimba. Lakini redio mbovu nayo huimba dukani, ikaanza kukohoa nyumbani.

Angeweza kusema ana mafua. Badala yake akavuta kamasi, akasema kibingwa, "Tuchukue hii ya kung'aa. Safi kabisa."

"Ngoja kwanza," alisema mkewe. Akaipindua redio, akafumba macho, akanusa. "Mzee wangu, humu mna samaki wa juzi."

"Mama, wewe umeanza lini mambo haya?" aliuliza Pua.

"Tangu ulipogeuza meza ya chakula kuwa karakana. Ulidhani nikija kula pua naiacha chumbani?"

Muuzaji alicheka mpaka Pua alipoomba bisibisi. Ikafunguliwa palepale. Kapasita mbili zilikuwa zimevimba vichwa, na chini yake maji ya kahawia yametambaa kwenye ubao.

"Sikujua, fundi. Mimi nazifuta tu."

"Ndiyo ufundi wa siku hizi," alisema Pua. "Kufuta."

Wakachukua ile iliyokwaruzwa. Ndani yake mlikuwa na vumbi, na skurubu ambazo hazijaguswa tangu kiwandani. Nyumbani Pua aliipiga brashi, akaivisha kitufe cha marehemu wa jikoni, nayo ikaendelea na wimbo pale ilipoachia dukani.

Jumapili shemeji walikuja kuiona. Pua akakaa sawa, akakohoa kidogo.

"Nilipoiweka puani tu, nikajua..."

Mkewe aliacha kukoroga chai, akamtazama.

"Nikajua nina mafua," alimalizia Pua. "Aliyenusa ni dada yenu."

Shemeji mkubwa akamgeukia dada yake. "Basi kesho twende wote dukani. Nataka televisheni."

"Nitakuja," alisema yeye. "Huyu atabeba bisibisi."