Kitambaa cha Kiti Kimoja

Anayeuza hafai kuonekana ana haja ya kuuza. Kwenye kibanda changu cha mashuka na mapazia ya mitumba pale soko la Kibuye, silaha yangu ilikuwa vitambaa vya kochi: donge la uzi mweupe mapajani, sindano yenye ncha ya ndoano mkononi, na uso wa mtu anayesumbuliwa. Mteja akitaja bei yake ya dharau, sikubishana naye. Niliendelea kuhesabu mishono. Mtu akisimama mbele ya mwanamke anayehesabu, kile kimya kinamlemea, na mwishowe anapandisha bei mwenyewe. Wengine waliniomba hata msamaha.

Lakini nisiseme ilikuwa ujanja tu. Kazi ile niliipenda. Niliweza kufuma bila kutazama, maana kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, pale uzi unapopita, ndicho kilichonielekeza: hapa kaza, hapa legeza. Kutazama nilitazama baadaye, kuhakikisha. Mimi huhesabu kila kitu mara mbili, hata watoto wangu, na mtoto ninaye mmoja.

Halafu nikapata uvimbe kwenye titi. Sitasimulia yote. Dawa waliyonipitishia mshipani ilifukuza ugonjwa, na ilipoondoka ikabeba nywele, kucha kadhaa, na hisia za vidole. Kuhusu nywele niliahidiwa bila wasiwasi kwamba zitaota. Kuhusu vidole, daktari alitazama dirishani kwanza. Huenda hisia zikarudi, alisema, polepole, huenda zisirudi. Nilijaribu kumshusha kwenye ile huenda ya pili. Hakupunguza hata kidogo.

Matibabu yakaisha, nikarudi kibandani na mikono mitupu. Kikombe cha chai nilijua ni cha moto baada ya kuona ngozi imekuwa nyekundu. Vifungo vya blauzi alinifunga binti yangu. Sindano niliiweka ndani ya mkebe wa biskuti, mkebe nikaupandisha juu ya kabati, na bila uzi wa kuficha macho, wateja wakanisoma kama ubao wa kanisa. Nikitaja bei, wananiangalia usoni na kujua nitakubali nusu. Nilikubali.

Basi binti yangu akaniambia watu wa upande wa kijana wake wanakuja kutoka Ahero. Kwetu siku hiyo tunaiita ayie: wakwe wanakuja kwa mama wa msichana kutafuta ridhaa yake, kwa hivyo nyumba inayokaguliwa ni ya mama. Na wanawake wa ayie hawakagui kwa mdomo. Wanaketi, wanasifu chai, halafu mmoja anageuza pembe ya kitambaa cha kiti taratibu, aangalie mafundo ya nyuma. Nafahamu kwa sababu nimegeuza vya watu wengi.

Vitambaa vyangu vya zamani vilikuwa vimekuwa rangi ya chai. Binti yangu alisema tununue vya mashine, hakuna mtu atauliza.

"Hiyo ndiyo shida," nikamwambia. "Hawatauliza."

Akanitazama mikono, kisha akapanda juu ya stuli na kuuteremsha mkebe.

Nilianza na cha duara, cha mgongo wa kiti. Kidole kilikuwa kimya. Uzi ulipita juu yake kama unapita juu ya kidole cha mtu mwingine, na kwa kuogopa usiniponyoke, niliukaza. Niliukaza kila mzunguko. Sasa, duara likikazwa hivyo halilali. Kingo zinainuka, katikati kunazama, na unapomaliza huna kitambaa, una bakuli. Nilihesabu mishono: sawa. Nikahesabu tena: sawa. Hesabu ilikuwa safi kabisa, na kile kitu kilikuwa kimesimama mezani.

Binti yangu alikizunguka, akakiangalia huku na huku.

"Mama, hii ni ya kochi ama ni ya kichwa?"

Kabla sijamjibu alikuwa amenivua kitambaa changu cha kichwa na kunivika ile bakuli. Ilikaa vizuri, tena ilifunika masikio. Tulicheka mpaka nikaketi. Nywele zangu wakati huo zilikuwa za kifaranga, na sikuwa nimecheka juu ya kichwa changu tangu kilipobaki uchi. Kesho yake nikaenda nayo Kibuye. Anayeniuzia uzi aliuliza ni bei gani, nikataja bei ya kumfukuza, akaondoka akicheka, ameridhika kwamba siuzi.

Baada ya hapo nilifuma kwa macho. Taa nikaisogeza, miwani nikaivaa, na kila mshono niliuangalia ukilala. Nilifumua zaidi ya nilivyofuma. Pale nyumbani kwangu Kisian magari ya Busia yalipita nje na mimi sikusikia lolote, wala la barabara wala la kidole.

Ilikuwa mchana mmoja, nimevuta uzi kutoka kwenye donge ukakwama chini ya mguu wa meza. Nikauvuta kwa hasira. Kwenye kidole cha shahada kikapita kitu chembamba, cha moto kidogo, kama mstari uliochorwa na wembe butu. Nikasimama kabisa. Unajua tabia yangu. Nikaurudisha uzi, nikauvuta tena, polepole sasa, macho nimeyafunga.

Mstari ukapita tena.

Sikumwita mtu. Niliketi pale nikauvuta na kuurudisha mpaka kidole kikawa chekundu, na wekundu wake niliusikia.

Siku ya ayie viti vyote vilivaa isipokuwa kimoja. Uzi mweupe ulikuwa umeniishia. Mama wa kijana, mwanamke mpana aliyekuja na mchele wa kwao, ndiye aliyeangukia hicho. Alipapasa mgongo mtupu wa kiti. Wakwe wengine walitazama vikombe vyao.

"Mama, hiki kiti kimekosa nini?" akaniuliza.

"Kitambaa chake nimekivaa," nikasema.

Akanyoosha mkono. Nikaivua bakuli mbele ya wakwe, na kichwa changu kikabaki kama cha mtoto wa nasari. Aliigeuza, akayaangalia mafundo.

"Ulikaza sana."

"Nilikuwa sisikii uzi."

"Na sasa?"

"Sasa nausikia."

Akaitikia kwa kichwa, akainuka na kunivika mwenyewe, akiivuta mpaka ikafika masikioni. Ndipo akacheka, na wengine wakapata ruhusa. Wakati wa kuaga alininong'oneza kwamba angetaka seti ya vitambaa kwa viti vyake. Kwa mkwe hakuna kuvutana bei, na mimi siuzi bila kuvutana bei, kwa hivyo tulibaki tumeshikana mikono mlangoni, kila mmoja akimsubiri mwenzake aanze.

Jumatatu niliianza ile seti kibandani. Mwanamume mmoja alikuja akashika pazia la buluu, akasema kitu. Baadaye kidogo akasema kitu kingine. Nilipoinua macho alikuwa na sura ya mtu aliyeshindwa, na ilibidi nimwombe arudie bei yake ya mwisho, kwa sababu safari hii sikuwa nikijifanya. Nilikuwa nahesabu.