Miezi Minne ya Kujifanya Sielewi

Nilifika Sumbawanga mwezi wa kwanza, mvua ikinyesha, nikiwa na sanduku moja na mkataba wa mwaka mmoja wa kufundisha Kiingereza katika shule ya msingi ya binafsi. Nilitoka Mbala, upande wa Zambia. Asubuhi nilikunywa chai kwa mama yangu. Jioni nikawa mwalimu mgeni kutoka nje ya nchi. Kiswahili nilikuwa nacho kidogo tu, kile cha kununulia sabuni kwa wachuuzi wa mpakani.

Siku iliyofuata mkurugenzi, ndivyo tulivyomwita mwenye shule, aliniita ofisini. Akaniuliza nyumbani kwetu tunasema lugha gani. Nikamwambia Kimambwe. Akainuka, akafunga mlango.

"Kimambwe na Kifipa cha hapa ni ndugu," alisema. "Sasa nisikilize, mwalimu. Wazazi wanalipa ada ili watoto wao wafundishwe na mtu wa nje. Wakikusikia unaongea kama bibi zao wa shamba, wataniuliza nimewaletea nini. Kiswahili jifunze polepole, hakuna ubaya. Lakini Kifipa hukijui."

Nikakubali. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, kazi niliitaka, na ombi lenyewe nililiona dogo.

Chumba nilipata mtaa wa Chanji, kwenye nyumba yenye ua na bomba moja katikati. Mwenye nyumba alikuwa mama mtu mzima, mjane, ambaye wapangaji wote tulimwita bibi. Katika chumba kilichopakana na changu alikaa dada mmoja wa rika langu, fundi cherehani. Mume wake alikuwa akilima mpunga Mtowisa, huko bondeni, na alikuja mara mojamoja.

Jioni ya kwanza nilitoka na ndoo. Nikaamkia, "Shikamoo, bibi," akaitikia, "Marahaba, mwanangu, karibu sana." Kisha akamgeukia yule dada na kumwambia kwa Kifipa, "Mtoto mwembamba hivi, kwao wanakula nini?"

Nilielewa kila neno. Kidogo nicheke. Hapo ndipo ningeweza kusema, na wangecheka pamoja nami, na mambo yangeishia hapo. Nikatazama maji yakijaa.

Tangu siku hiyo sikutulia. Kitanda nilikihamisha mara tatu, dirishani, ukutani, dirishani tena. Sanduku sikulifungua lote. Nguo nilizokuwa nimefua nilizikunja na kuzirudisha humo humo. Jumamosi nilikuwa nikiamka na kushika barabara ya Matai kwa miguu, napita nyumba za mwisho, nafika kwenye mashamba ya mahindi, nasimama huku upepo ukinipiga masikioni, halafu nageuka. Bibi aliwaambia wenzake kwamba mwalimu ana miguu isiyojua kukaa. Si kwamba nilitaka kurudi Mbala. Nilitaka mahali ambapo si lazima nichunge uso wangu.

Maana kuchunga uso ni kazi. Wakitaniana bombani, nisitabasamu. Wakinijadili, nisigeuke. Siku moja nikiwa chumbani nilimsikia bibi akisema kwa Kifipa, "Mvua hiyo inakuja, nguo za mwalimu zitalowa." Nikabaki nimesimama nyuma ya mlango, mkono kwenye kitasa. Nikitoka, watajua nimesikia. Matone yakaanza kugonga bati. Yule dada ndiye aliyekimbia kuzianua, akaniletea mlangoni zimekunjwa. "Pole, mwalimu," aliniambia kwa Kiswahili cha taratibu, kama anavyosemeshwa mtoto. "Mvua. Umeelewa? Mvua." Nikasema nimeelewa.

Jumapili moja baada ya kanisani nilikuwa nafua shuka uani. Bibi na yule dada walikaa hatua mbili kutoka kwangu, wakichambua maharage. Dada akaanza kulia. Akasema kwa Kifipa kwamba mume wake ameweka mwanamke mwingine huko Mtowisa, na mtoto ameshazaliwa. Habari alizipata kwa mtu wa lori la mpunga. Kwao hajamwambia mtu.

"Sema taratibu," bibi alimwonya, akinionyesha kwa kidevu.

"Huyu? Huyu haelewi kitu."

Niliendelea kusugua kona ileile ya shuka mpaka vidole vikaniuma. Wiki ile nilimpelekea mkate, kesho yake maziwa, keshokutwa nikamwambia anishonee sketi ambayo sikuihitaji. Akanikazia macho. "Mwalimu, kuna nini?" Nikamjibu hakuna kitu.

Nilikuwa nafundisha darasa la pili. Shuleni palikuwa na kibao cha mbao chenye kamba, na mtoto aliyesikika akisema lugha isiyo Kiingereza alikivaa shingoni mpaka amsikie mwenzake akikosea. Mimi pia niliwavisha watoto kibao hicho. Ilikuwa kanuni, na sikuwa na hamu ya kubishana na kanuni katika nchi ya watu.

Mwezi wa tano, likizo fupi ilipokwisha, mama mmoja mzee alifika getini akiwa amemshika mkono mwanafunzi wangu. Alitoka kijijini Kaengesa, mtoto alikuwa ameshinda kwake likizo nzima. Mkurugenzi hakuwepo. Mlinzi alimwuliza shida yake kwa Kiswahili, naye akamjibu kwa Kifipa, maneno yakimtoka kwa haraka, na mlinzi, mtu wa Tabora, akaniita mimi kwa sababu tu nilikuwa karibu.

Yule mama akanishika mikono yote miwili. "Mwanangu, mwambie mwalimu wa hapa aniambie nimemkosea nini mjukuu wangu. Siku tisa nimekaa naye. Namwita, ananitazama. Namwuliza kama ameshiba, ananitazama. Alikuwa mtoto wa kuongea huyu."

Nikamtazama mtoto. Alikuwa amekaza midomo, uso mtupu kabisa, na uso ule niliujua kwa ndani.

Nikajibu kwa Kimambwe. "Hukumkosea, bibi. Sisi ndio tuliomkataza. Mimi ndiye mwalimu wake."

Aliniachia mikono. Kisha akakaa chini palepale kwenye mchanga, akashika kichwa, akaanza kucheka na kuuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamtajia kijiji cha baba yangu. Mtoto akapaza sauti, kwa Kifipa, uwanja mzima ukasikia: "Bibi! Kumbe mwalimu anajua!"

Nilipofika Chanji jioni, habari zilikuwa zimeshafika. Bibi alikuwa amekaa kizingitini. Shikamoo yangu hakuiitikia.

"Miezi minne," alisema kwa Kifipa.

"Nisamehe, bibi. Kazini walinikataza."

"Kazini ni kule. Hapa uani nani alikukataza?"

Yule dada alitoka, akanitazama usoni kwa muda mrefu, akarudi ndani na kufunga mlango.

Mkurugenzi alinigombeza kesho yake, akataja mkataba mara nyingi, lakini hakunifukuza. Katikati ya mwaka angempata nani? Nilipotoka ofisini nilikwenda darasani, nikachukua kile kibao na kukipeleka jikoni. Mpishi hakuuliza kitu. Alikisukuma chini ya sufuria ya uji. Nilingoja kuitwa tena, sikuitwa. Wazazi wakaanza kunisimamisha sokoni kuuliza habari za watoto wao, wengine kwa Kifipa, na mwaka uliofuata, mkataba ukiwa umeongezwa, mkurugenzi alinitambulisha mkutanoni kuwa ni mwalimu wa kutoka nje anayeelewana hata na wazee wetu. Alisema kama vile alipanga yeye.

Bibi alikaa wiki tatu bila kuniambia zaidi ya mambo ya umeme na maji. Siku moja akanikabidhi ungo wa ulezi nimsaidie kupepeta.

"Siku ile tuliposema unalia kama mbuzi unapooga maji baridi," aliniuliza, "ulisikia?"

"Nilisikia."

"Ukakasirika?"

"Sana."

Akacheka mpaka akakohoa. Tangu hapo alinisema machoni pangu, nami nikawa namjibu.

Yule dada hakucheka. Nilimgongea mlango mara mbili kuomba radhi. Mara ya pili alifungua. "Ulinisikia nikilia," aliniambia, kwa Kiswahili, lugha ya watu wasiojuana, "halafu ukaniletea mkate." Nikamwambia sitamwambia mtu yeyote. Akasema hilo silo alilokuwa anazungumzia.

Mwezi wa saba alifunga cherehani kwenye gunia na kuteremka Mtowisa. Bibi alimuuliza anakwenda kumrudia mume au kumwacha, akajibu atajua akifika. Nilimsaidia kubeba gunia mpaka kwenye gari, kila mtu na upande wake, baridi ikiwa kali. Alipanda, akakaa dirishani akitazama mbele. Gari lilichelewa kuondoka. Nilisimama pale muda wote, nikifikiri huenda atasema neno, kwa lugha yoyote. Kisha kengele ya shule ikanikumbusha saa, nami nikaondoka kabla yake.