Pini Ishirini za Mama Hesabu

Mtaa mzima ulimwita Mama Hesabu, na jina hilo hakupewa bure. Kwa miaka ishirini na mitatu alishona vifungo katika kiwanda cha sare, na huko kulikuwa na sheria moja isiyo na mjadala: hakuna anayetoka mlangoni mpaka sindano zote zionekane. Sindano ikivunjika, vipande vyote vilitafutwa na kubandikwa kwenye karatasi, hata ile ncha ndogo kabisa, ndipo upewe nyingine. Wenzake walipostaafu waliiacha sheria hiyo getini. Yeye aliondoka nayo. Majirani walimtania kwamba siku ya harusi ya mwanawe aliwahesabu wageni wakiingia, akawahesabu tena wakitoka, na wala hakukanusha.

Sasa aliishi kwa huyo mwanawe, na kazi yake ilikuwa kutengeneza wanasesere. Usimpelekee kitambaa kipya, utamuudhi bure. Alitaka soksi iliyopotelewa na mwenzake na fulana iliyolegea shingo. Soksi ya kijivu ilikatwa, kisigino kikawa kichwa cha tembo, ncha ya vidole ikawa mkonga. Fulana kuukuu zilikatwakatwa na kushindiliwa ndani mpaka tumbo likajaa. Macho hakuweka vifungo, maana mtoto hakawii kung'oa kifungo akakimeza. Aliyatarizi kwa uzi mweusi. Mwisho kabisa, pale penye tundu la kujazia, alikunja kingo, akazibana kwa pini, kisha akashona huku akizichomoa pini moja moja. Alikuwa nazo ishirini, zote za vichwa vyeupe vidogo, na zilikaa kwenye kimto alichokishona mwenyewe.

Hapo kwenye kuchomoa ndipo palipokuwa na siri. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Jua likianza kushuka tu, kichwa cheupe cha pini na kitambaa kilichopauka vilikuwa kitu kimoja. Mwanawe alishasema, kwa upole lakini bila kupepesa macho, kwamba siku macho yatakapokataa, sindano zitawekwa kando, kwa sababu nyumba ina mtoto mchanga. Basi Mama Hesabu akafunga mdomo wake. Alichofanya ni kuihamisha hesabu kutoka jioni hadi asubuhi, dirishani, penye mwanga wa kutosha. Na kila asubuhi, kwa miezi minane mfululizo, pini zilikuwa ishirini. Kwake huo ulikuwa ushahidi tosha. Macho yana ukungu, sawa, lakini vidole vyake havijakosea hata mara moja.

Asubuhi hiyo alihesabu akapata kumi na tisa.

Akahesabu tena kwa kuzichomoa zote na kuzipanga mezani mbili mbili. Ya mwisho ikabaki peke yake. Jana yake alikuwa ameshona kitu kimoja tu, tembo wa mjukuu, tena aliumalizia mshono haraka haraka kwa sababu giza lilikuwa linaingia na mtoto analia. Mjukuu huyo alikuwa na miezi kumi, anaota meno, na chochote kilichofika mkononi kilikwenda moja kwa moja mdomoni. Alikuwa amelala na tembo, ameamka na tembo, na sasa hivi mama yake alikuwa amempeleka kliniki kupimwa uzito, na tembo kashikiliwa kwa mkonga.

Alikuwa na sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu, ya kuokotea pini sakafuni. Akapiga magoti, akaipitisha chini ya meza, chini ya kiti, kwenye nyufa za sakafu, ndani ya kikapu cha vitambaa. Ilinasa kibanio cha nywele na vumbi la chuma, basi. Akampigia simu mkwewe. Simu ikaita jikoni, palepale ilipoachwa kwenye chaji. Loo, siku ikiamua kukukomesha hukukomesha kweli! Akaitia sumaku kwenye pochi, akavaa viatu bila soksi, akatoka.

Kliniki haikuwa mbali, lakini asubuhi hiyo barabara iligoma kuisha. Alitembea nusu mbio, mkono kifuani, na njia nzima alikuwa akitunga uongo. Angesema tembo anahitaji kufuliwa. Angesema mshono wa sikio umelegea. Angemchukua, akampasua mwenyewe chooni, akaitoa pini, akamshona upya, na hakuna ambaye angejua. Kusema kweli kulikuwa na maana moja tu: leo ndiyo siku ya mwisho ya kushika sindano. Na mtu aliyeshona maisha yake yote, mnyang'anye sindano, atashinda anafanya nini? Kuangalia ukuta? Alikuwa anaogopa, na alijua kwamba anaogopa mambo mawili, na aliona haya kwamba la pili halikuwa dogo kama lilivyopaswa kuwa.

Aliwakuta kwenye benchi la nje. Mjukuu alikuwa amekaa mapajani, tembo kwa mikono miwili, sikio lote mdomoni. Mkwewe alishangaa, akamwamkia, akauliza kama kuna tatizo nyumbani. Mama Hesabu akasema hakuna tatizo, amekuja tu, hebu nipe huyo tembo nikamfue. Mkwe akacheka, akasema kweli Mama umekuja mbio yote hii kwa ajili ya kufua tembo, mwache, ukimnyang'anya sasa hivi tutafukuzwa kwa kelele. Mtoto akakaza taya. Akalibana tumbo la tembo kifuani kwake.

Hapo uongo ukamwishia.

"Kuna pini humo ndani," alisema. "Mtoe mdomoni."

Mkwe hakuuliza la pili. Alimng'oa tembo mikononi mwa mtoto, kilio kikapasuka, benchi zima likageuka. Nesi akawaazima mkasi. Mama Hesabu akakata mshono, akamwaga matumbo ya fulana kwenye mapaja yake, akapitisha sumaku polepole, fungu baada ya fungu. Mkwe huku akafungua mdomo wa mtoto, akapapasa fizi, chini ya ulimi, akatazama kidole chake kama kina damu. Hakikuwa na damu. Sumaku ikashika. Pini ilikuwa imelala pembeni kabisa ya mshono, ncha ikielekea nje, kitambaa kimoja chembamba kati yake na ulimi wa mtoto.

Mtoto alilia katikati yao. Mama Hesabu aliingoja lawama, na alikuwa tayari kuibeba yote. Lakini mkwewe aliitazama ile pini, uso ukambadilika, akauliza kwa sauti ndogo amejuaje. Akajibiwa kwamba hesabu imepungua asubuhi hii, mara ya kwanza katika miezi minane.

"Si mara ya kwanza, Mama," mkwe alisema. "Mimi nilikuwa naongeza."

Kisha akaeleza, macho chini. Ilianza siku ile pini moja ilipopotea na Mama Hesabu akashinda amepiga magoti, hakula, na jioni mkwewe akamkuta analia jikoni. Mkwe alimwonea huruma. Akanunua pakiti ya pini zilezile za vichwa vyeupe, akampa moja akisema ameiokota, nyingine akazificha kwenye droo ya vijiko. Kila alfajiri akifagia alihesabu pini za kwenye kimto, na zikipungua alijaza, kwa imani kwamba zilizopotea zimeanguka tu na kufagiliwa. Leo aliwahi kliniki, hakupata nafasi.

"Mara ngapi?" Mama Hesabu aliuliza.

"Sita. Labda saba."

Hasira ilimpanda, ikakosa pa kwenda. Angemgombeza nani? Binti aliyemfichia aibu, au yeye aliyejificha mwenyewe? Miezi minane alijivunia vidole vyake, na kumbe ishirini zile zilikuwa za huruma. Wanasesere walitoka katika miezi hiyo, na wote alikumbuka walikokwenda: twiga kwa mapacha wa nyumba ya pili, sungura kwa bintiye fundi viatu, samaki wawili, kobe, na mto wa mtoto wa mwalimu.

Mkwe alisema watasubiri baba mtoto arudi, wapange namna ya kuwaambia watu, waseme labda soksi zilikuwa na dawa mbaya. Mama Hesabu alikwishasimama. Alisema huo ungekuwa mchana mzima wa watoto kutafuna.

Kwa mapacha, mama yao alifungua mlango akitabasamu, mmoja wa watoto akiwa kiunoni, shingo ya twiga mdomoni. Alianza kumkaribisha ndani. Mama Hesabu hakusogea. Alinyoosha mikono yote miwili.

"Naomba huyo twiga," alisema. "Nilimshona wakati macho yangu yameshaharibika, na sikumwambia mtu."